Ushauri: Oili imeingia kwenye maji ya kupozea injini ya boti, fundi anataka kufungua hedi

Mvushaji wa Kilindoni

Ndugu wanajamvi, hasa mafundi na manahodha, nawasalimu. Nina boti ya mbao yenye injini ya dizeli ya ndani, silinda 4, ambayo naitumia kupeleka samaki kutoka Kilindoni, Mafia, hadi Nyamisati na kurudi na barafu. Injini inapozwa kwa maji yanayozunguka ndani kwa ndani, na maji hayo nayo yanapozwa na maji ya bahari.

Jumapili iliyopita, kabla ya kuondoka, nilifungua kifuniko cha tangi la maji ili nitazame kiwango kama ilivyo desturi yangu, nikakuta juu ya maji pametanda kitu kizito cha rangi ya kahawia iliyopauka, mfano wa chai ya maziwa iliyosahauliwa ikashika utando. Nilichovya kidole kikatoka kinateleza. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umepakwa kitu hicho hicho. Nilikichota chote kwa kijiko, nikajazia maji safi, nikasafiri. Niliporudi nikakuta kingine kimeshajitengeneza.

Oili ya injini imepungua karibu lita 1 katika safari 3, wakati zamani sikuwa najazia chochote mpaka siku ya kubadilisha. Hata hivyo, oili iliyoko kwenye dipstiki ni nyeusi kama kawaida, haina weupe wowote. Joto linasimama kwenye nyuzi 82, presha ya oili ni bar 4 mwendoni, moshi ni ule ule na nguvu haijapungua. Jambo jingine linalonitia shaka ni kwamba asubuhi ekzosi inapotema maji, naona juu ya bahari utando wenye rangi za upinde wa mvua.

Fundi wangu alitazama tangi kwa dakika moja akasema gasketi ya silinda hedi, yaani ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake, imekwenda. Anataka laki tisa za kazi na vipuri, mbali na gharama ya kupeleka hedi Dar es Salaam kusagwa. Simbishii, kwa kuwa ameihudumia injini hii muda mrefu, lakini boti ikikaa wiki mbili bila kazi wateja wangu watahamia kwa wengine. Je, kuna namna ya kuthibitisha kwamba ni gasketi kabla sijafungua?

Fundi Gati la Zamani

Mkuu, usifungue hedi kwanza. Sisemi kwamba fundi wako amekosea. Nasema bado hajui, na wewe hujui, na mimi pia sijui. Oili kwenye maji ina njia nyingi za kufika huko, na hedi ndiyo njia iliyo ghali kuliko zote kuikagua.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo wewe umeyaweka katika chungu kimoja. Boti yako ina maji ya aina mbili. Kuna maji baridi yaliyofungiwa ndani ya injini, ambayo ndiyo unayoyaona ukifungua kifuniko cha tangi, na kuna maji chumvi yanayonyonywa na pampu kutoka chini ya boti, yanapita kwenye kipoza maji, kisha yanatupwa nje kupitia ekzosi. Maji haya mawili hayakutani popote isipokuwa kipoza kikiwa kimetoboka. Kwa hiyo uji ulio kwenye tangi na utando ulio baharini huenda ni kesi mbili zisizojuana, na usipozitenganisha utatafuta mchawi mmoja wa misiba miwili.

Pili, boti yako ina oili mbili, ya injini na ya giaboksi, na zaidi ya hizo kuna dizeli yenyewe, ambayo nayo ikielea juu ya maji watu huiita oili. Naomba unijibu maswali machache. Kipoza oili cha injini yako kimewekwa wapi, na kinapozwa na maji yapi? Giaboksi je, ina kipoza chake? Oili ya giaboksi imepungua, au imegeuka kuwa na rangi ya maziwa ya waridi? Ule utando wa asubuhi unaendelea mpaka injini inapopata moto, au unakoma? Na ukichota kile kilicho kwenye tangi ukakipaka kwenye karatasi laini ya chooni, kinafanyaje? Dizeli husambaa haraka ikaacha doa pana, jepesi, lenye harufu yake isiyofichika. Oili ya injini hubaki katikati, nyeusi na nzito, ikijivuta polepole kwenda kando. Oili nyekundu ya giaboksi utaijua kwa rangi.

Kijana wa Ujiji

Naunga mkono swali la dizeli, kwa sababu lilinigharimu. Mwaka juzi boti tunayoifanyia kazi huku Tanganyika ilionyesha utando juu ya maji ya tangi, tukafungua hedi, tukaweka gasketi mpya, tukafunga, na baada ya siku mbili utando ukarudi. Mzee mmoja akatuuliza kama oili ya injini ilikuwa imepungua. Haikuwa imepungua hata kidogo. Akachovya kijiti kwenye utando wa tangi, akakinusa, akacheka.

Injini ile ni ya aina ambayo nozeli, yaani vipulizia dizeli, hukaa ndani ya vikombe vya shaba vilivyozungukwa na maji ndani ya hedi. Kikombe kimoja kilikuwa kimelegea, na dizeli ikawa inapenya kwenye maji. Lakini kwako mkuu oili inapungua lita nzima, kwa hiyo sidhani ni hilo. Nimeandika ili mwingine atakayeusoma uzi huu anuse kwanza.

Mvushaji wa Kilindoni

Nashukuru sana, Fundi. Leo sikusafiri, nimeshinda ndani ya boti na haya ndiyo majibu.

Karatasi imeonyesha doa jeusi, zito, ambalo halikusambaa, na halina harufu ya dizeli. Kipoza oili cha injini kiko nje ya bloku, upande wa kushoto, ni bomba nene lenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, lina mipira miwili ya oili na miwili ya maji, na maji yake ni yale ya ndani. Giaboksi ina kipoza chake kidogo kinachopitiwa na maji chumvi. Oili ya giaboksi ni nyekundu, angavu, na iko kwenye alama.

Kuhusu utando wa asubuhi, nilikinga maji ya ekzosi kwa ndoo nyeupe mara tatu. Ndoo ya kwanza, injini ikiwa ya baridi, ilikuwa na rangi za upinde na harufu ya dizeli. Ya pili, baada ya dakika 10, ilikuwa na dalili ndogo tu. Ya tatu, injini ikiwa na moto kamili, maji yalikuwa safi kabisa.

Fundi Gati la Zamani

Basi kesi ya pili tumeifuta. Injini yoyote ya dizeli ya zamani ikiwashwa asubuhi huacha mafuta kidogo yasiyoungua, na kwa kuwa ekzosi yako inatema maji pamoja na moshi, mafuta hayo huonekana baharini. Kama ingekuwa kipoza cha giaboksi kimetoboka, utando ungeendelea muda wote wa safari, oili nyekundu ingepungua, na baada ya injini kuzimwa maji chumvi yangeingia giaboksi na kuigeuza oili kuwa kama strungi iliyotiwa maziwa. Kwako hakuna hata moja.

Sasa tunabaki na oili ya injini ndani ya maji baridi. Hapa presha ndiyo inayotuonyesha njia. Injini ikitembea, oili yako ina bar 4, wakati maji yaliyofungwa kwa kifuniko kizima hayafiki bar 1. Palipo na tundu, mwenye nguvu humsukuma mnyonge, kwa hiyo oili inaingia kwenye maji. Ukizima injini mambo hugeuka: oili inashuka hadi sifuri papo hapo, lakini maji yakiwa ya moto hubaki na presha yake kwa muda, na sasa yenyewe ndiyo yanayoisukuma oili. Ndiyo maana kwa kawaida tundu la namna hii huchafua pande zote mbili. Wewe unasema oili haina weupe. Hilo linanisumbua kuliko uji ulio kwenye tangi.

Naomba ufanye mambo mawili. Acha injini ikae usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, ingiza mrija wa pampu ya mkono ya kunyonyea oili mpaka uguse sakafu ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kisha uvute kikombe kimoja tu. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo yatakuwa yamelala chini kabisa, mahali ambapo dipstiki haiwezi kukwambia lolote. Kisha pasha bati au sufuria tupu hadi tone la maji likidondoshwa lichemke na kuruka, halafu dondosha tone moja la hiyo oili, ukiwa umeweka uso mbali. Oili kavu itatulia na kutoa moshi kidogo. Yenye maji italia kama kitunguu kinapotiwa kwenye mafuta ya moto.

La pili, kagua kifuniko cha tangi. Angalia mpira wake na springi yake, kisha uniambie.

Baharia Mstaafu

Nimewasoma kwa utulivu, na naona huyo fundi wa Kilindoni anahukumiwa mapema. Katika injini nyingi, oili yenye presha hupanda kutoka kwenye bloku kwenda kulainisha vyuma vya juu ya hedi, na njia yake inapita katikati ya gasketi, mara nyingine umbali wa vidole viwili tu kutoka kwenye tundu la maji. Gasketi ikila kati ya matundu hayo mawili, oili itaingia kwenye maji bila moshi mweupe, bila joto kupanda na bila nguvu kupungua, yaani dalili zile zile alizozitaja mwenye uzi. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu.

Kwa hiyo kipimo cha kutazama viputo kwenye tangi, ambacho wengi wetu tunakipenda, hakitamsaidia sana. Viputo vinavyoendelea kutoka bila kukoma, au mpira wa juu wa maji kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini ya baridi, ni dalili kwamba gesi ya silinda inapenya. Avitazame, kwa sababu havimgharimu kitu. Lakini asipoviona, asiseme kwamba gasketi ni nzima.

Fundi Gati la Zamani

Mzee wangu, shikamoo, na nakubaliana nawe neno kwa neno. Ndiyo maana nataka tukipime kipoza oili kikiwa mezani. Kukifungua ni kazi ya saa mbili, kukipima ni bure, na kikionekana kizima, basi mimi mwenyewe nitamwambia afungue hedi.

Mkuu Mvushaji, utaratibu ni huu. Injini ikiwa imepoa kabisa, toa maji yote kwenye madumu, kisha vua kipoza. Mwaga oili iliyomo na ukioshe kwa dizeli, kikauke. Ziba mlango mmoja wa oili kwa kizibo cha nyuzi kilichokazwa. Kwenye mlango wa pili funga kiungo chenye valvu ya tairi. Milango ya maji iache wazi. Tumbukiza kipoza chote kwenye karai la maji, kisha ujaze upepo polepole kwa pampu ya mguu yenye geji hadi bar 3, usizidishe, na uso wako usiwe juu ya kizibo, kwa sababu upepo ulioshindiliwa ukipata njia hauchagui mtu. Subiri robo saa ukitazama ndani ya milango ya maji.

Halafu, na hili ndilo watu wengi huliruka, mwaga maji yale na uweke ya moto ambayo mkono hauwezi kuvumilia, kisha rudia. Ufa mwembamba wa kwenye shaba hujifunga chuma kikiwa baridi na kufunguka kikitanuka. Nimeshaona kipoza kikipimwa kwa maji ya bomba, kikasifiwa, kikarudishwa kwenye injini, na hedi isiyo na kosa ikaenda kusagwa.

Mvushaji wa Kilindoni

Nimerudi na matokeo, na samahani kwa kukaa kimya siku tatu.

Oili niliyoinyonya asubuhi kutoka chini ya sampu ilikuwa nyeusi tupu. Nilidondosha matone manne kwenye bati la moto na hakuna lililolia. Viputo kwenye tangi vilitoka mwanzoni kidogo, vikakoma. Kuhusu kifuniko, Fundi, nimeona aibu. Mpira wake umepasuka na springi naibonyeza kwa kidole kimoja hadi mwisho. Nilikinunua kwa muuza vipuri vya magari, kilipoingia nikaridhika.

Kipoza nilikivua jana, na fundi wangu alikuja mwenyewe kusimamia kipimo, kwa sababu nilimsomea uzi huu na hakuchukia. Kwenye maji ya baridi tulikaa dakika 20, bar 3, hakuna kitu. Fundi akanitazama kama anayeniambia nimpe pesa ya hedi. Mke wangu akaleta sufuria mbili za maji kutoka jikoni, tukayamimina kwenye karai. Nadhani hata dakika mbili hazikupita, kikatokea kiputo kimoja kidogo kama kichwa cha pini, kimekaa kwenye mdomo wa mrija mmoja ndani ya mlango wa maji. Kikakua, kikaachia, kikafuata kingine, kisha ikawa ni mnyororo mwembamba usiokatika, na geji ikaanza kushuka. Fundi aliinama akautazama muda mrefu bila kusema neno. Baadaye akaomba msumari, akaukwaruza mrija pale ulipounganishwa na sahani ya mwisho, na shaba ikabanduka kama ganda la mkate.

Fundi Gati la Zamani

Sasa tumempata, na kile kilichokuwa kinanisumbua nacho kimejieleza. Kifuniko chako hakishiki presha, kwa hiyo ulipozima injini maji hayakuwa na nguvu ya kusukuma chochote kwenye oili, na ufa wenyewe ulikuwa unajifunga kadiri chuma kilivyopoa. Ubovu wa kifuniko umekuokolea beringi. Ndiyo sababu nakusihi usiweke kifuniko kipya kabla kipoza hakijapata tiba. Ungefanya hivyo wiki iliyopita, leo tungekuwa tunazungumzia maji kwenye sampu.

Kuhusu tiba, mchomeleaji wa rejeta atakwambia anaweza kuziba kwa risasi. Asikushawishi. Risasi ya rejeta inastahimili maji ya rejeta, lakini hapa kuna oili ya moto yenye bar 4 na mtetemo wa injini. Kama ingekuwa mrija mmoja tu ndio umetoboka katikati, na mingine yote ni mizima, ungeweza kuuziba pande zote mbili na kusafiri. Lakini shaba inayobanduka kwa msumari imeshaoza kila mahali. Tafuta kipoza kipya au cha mtumba kilichopimwa kwa maji ya moto mbele yako.

Swali moja la mwisho. Uliandika kwamba unajazia maji safi. Safi ya wapi?

Mvushaji wa Kilindoni

Ya kisima cha nyumbani. Yana chumvi kidogo, lakini tunayaogea na kufulia. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya injini, nilikuwa nanunua zamani. Miaka miwili hii nimeacha kwa kuwa huku kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji ndani ya injini.

Fundi Gati la Zamani

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Kulanti si ya watu wa nchi za baridi peke yao. Ndani yake mna dawa za kuzuia kutu, na dawa hizo ndizo zinazolinda mahali ambapo shaba, chuma na aluminiamu vinaishi pamoja ndani ya maji ya nyuzi 80. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi ikishapata moto na vyuma vya aina tofauti hula ile iliyo dhaifu, usiku na mchana. Umekuwa ukiitunza injini yako kwa maji yanayoitafuna.

Na kwa kuwa umeshafungua, vua pia zinki za upande wa maji chumvi, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya vyuma vingine, uzitazame. Maji ya Nyamisati yamejaa tope la Rufiji, nayo tope hukwangua mirija na mapanga ya pampu. Nina hakika hizo zinki zimebaki vijiti.

Mama Ngalawa wa Shimoni

Kaka, pole kwa hayo yote. Mimi nina boti ya watalii huku pwani ya kusini ya Kenya, na shida kama hiyo ilinipata. Niseme tu kuhusu usafishaji, maana wanaume mkishampata mwizi mnasahau kufagia nyumba.

Hiyo oili iliyobaki ndani hutaitoa kwa maji matupu. Toa themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka yapate moto, ili maji yazunguke kila mahali, jaza maji baridi yaliyochanganywa na sabuni ya unga ya mashine ya kuoshea vyombo, ile isiyotoa povu. Usitumie sabuni ya kufulia. Mimi niliitumia, povu likapanda mpaka likatoka kwenye tangi kama sufuria ya maziwa, na injini ikakosa maji ikaanza kuchemka. Acha injini itembee kama dakika 20 ikipata moto, zima, mwaga ikiwa bado na uvuguvugu, jaza tena. Usimimine maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi itapasuka kweli na fundi wako apate laki tisa zake. Mimi nilirudia mara sita kabla ya maji kutoka safi.

Kisha ishike mipira yote ya maji, mmoja mmoja. Mpira uliokunywa oili huvimba na kulegea kama andazi lililoloweshwa chai. Huo hauponi, ubadilishe, la sivyo utapasukia katikati ya mkondo. Na maji machafu usiyamwage ngamani wala baharini. Weka kwenye madumu, umpelekee anayekusanya oili chafu. Bahari ya Mafia ina hifadhi tangu 1995, na hapo Kilindoni ndipo papa potwe wanapokuja kula karibu na uso wa maji.

Kijana wa Ujiji

Mkuu, ukishamaliza utajuaje kwamba imepona, ikiwa masalia ya oili ya zamani bado yatakuwa yanatoka? Sisi tulichanganyikiwa hapo.

Baharia Mstaafu

Asitazame maji peke yake, kwa kuwa maji yatatoa utando mwembamba siku kadhaa hata kama tundu limezibwa. Atazame dipstiki. Aweke oili hadi alama ya juu, apime kila asubuhi boti ikiwa imetulia pale pale, kabla ya kuwasha. Utando ukipungua na oili ikabaki pale pale, imepona. Utando ukibaki na oili ikashuka, basi kuna tundu la pili, na hapo nitarudi kuitetea gasketi yangu.

Mvushaji wa Kilindoni

Wakuu, nawaletea taarifa baada ya wiki mbili na nusu.

Kipoza nilikipata Gerezani, cha mtumba, na muuzaji alikasirika nilipoomba maji ya moto, lakini alikubali baada ya kuona sina haraka. Cha kwanza kilitoa viputo. Cha pili kilitulia nusu saa nzima, nikakilipia. Kwa kipoza, mipira minne, zinki, kifuniko, kulanti na oili mpya pamoja na chujio lake, nimetumia laki nne na elfu themanini. Fundi nimempa ujira wake wa siku mbili. Zinki zilikuwa kama alivyosema Fundi Gati, moja ilibaki kizibo kitupu.

Kuosha tulirudia mara saba. Sabuni isiyotoa povu niliipata kwa msaada wa hoteli moja ya huku. Maji ya mara ya kwanza yalitoka kama uji wa ulezi, ya nne kama maji ya kuoshea mchele, ya saba nikayaweka kwenye chupa ya plastiki na kuona vidole vyangu upande wa pili. Tulijaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa ya betri, na kifuniko kipya kikaingia mwisho kabisa.

Safari ya kwanza, tangi lilikuwa na utando mwembamba, ambao niliufuta kwa kitambaa cheupe kikachafuka kidogo. Safari ya pili kitambaa kilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Safari ya tatu na ya nne kimetoka na rangi ya kulanti tu. Jana usiku niliiacha injini ipumzike, leo alfajiri nikanyonya kikombe kutoka chini ya sampu kama nilivyofundishwa, nikapasha bati. Tone lilikaa kimya likatoa moshi. Dipstiki iko kwenye alama ya juu, pale pale ilipokuwa siku tuliyojaza.

Madumu matano ya maji machafu bado yako nyuma ya nyumba yangu, yamefungwa. Aliye Mafia na anamfahamu mtu anayeyapokea, naomba anielekeze.